Mshambuliaji wa Bi Hindle

Jumatatu, 14 Januari 1884
Petrie, mshambuliaji wetu mpya, kashuka hapa Ramsclough kwa treni kutoka Glasgow. Miguu mizuri. Nieleze, ingawa shajara haina wanafunzi: sheria ya chama cha mpira inakataza kumlipa mtu kwa kucheza. Haikatazi kumtafutia kazi. Basi kuanzia leo Petrie ni mwokaji wa pai kwa Bi Hindle, mjane mwenye duka la pai mtaa wa chini. Kwa jina tu. Jumamosi tunacheza na Thornley, mechi ya Kombe. Nimeapa mbele ya kamati: tukifungwa, naacha ukatibu. Sina hofu.

Jumanne, 15 Januari
Entwistle, katibu wa Thornley, kanusa jambo. Kasema sokoni kwamba mwokaji wangu hawezi kutofautisha unga na chokaa, na keshokutwa analeta wakaguzi wa chama. Nikamjibu alete hata Malkia. Kisha mbio kwa Bi Hindle, nikamwomba amfundishe Petrie walau kukanda. Akasema, Mwalimu, humu hatuigizi. Akikaa hapa atafanya kazi kama watu. Nikakubali. Jambo dogo.

Jumatano, 16 Januari
Petrie hakuja mazoezini. Nimemkuta ana unga hadi kwenye nyusi, anaimba. Nikamkumbusha kwamba tunadanganya tu. Akaniomba nifunge mlango, baridi inaharibu unga wake. Unga wake.

Alhamisi, 17 Januari
Wakaguzi wamekula pai tatu kila mmoja na kuthibitisha kwamba Petrie ni mwokaji halali. Entwistle kala mbili, kanuna. Siku tamu.

Jumamosi, 19 Januari
Nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa Ramsclough anakijua. Jumamosi viwanda vya pamba hufungwa mchana, mji mzima huja mpirani, na mji mzima una njaa. Petrie kakataa kuvua aproni. Nikamsihi. Nikataja kiapo changu. Akanijibu kwa upole: Mwalimu, hapa nikikosea natupa unga, kule nikikosea, mnanitupa mimi. Bi Hindle akaongeza kwamba ni mimi niliyewaambia wakaguzi huyu ni mwokaji, sasa nimwache aoke.

Shemasi kacheza nafasi yake. Tumefungwa saba bila. Petrie alikuwa nyuma ya goli letu, anauza pai. Entwistle kanunua moja, kaniuliza mbele za watu mwokaji wangu ataanza lini kufunga.

Watu walipoondoka nilikula moja, nimesimama kwenye matope. Sijapata kula pai nzuri kama ile. Mtu wa miguu ile, na kumbe alitaka kutumia mikono yake.

Jumatatu, 21 Januari
Nimejiuzulu. Kamati imekubali kabla sijamaliza sentensi.

Jumatatu, 28 Januari
Katibu mpya ni karani wa posta, hajui kitu. Bila kumsumbua, nimemwita golikipa wa Dundee. Nimetafakari sana kosa langu, nimeliona: kazi ilikuwa tamu mno. Huyu nimemtafutia ya kuchimba makaburi. Kafika leo asubuhi, mtu mkimya. Swali lake la kwanza lilikuwa kama udongo wa hapa ni laini. Nikamwambia ni laini sana. Akatabasamu.

Dalili njema.