Mkataba wa Kutosoma

Jumatatu, 14 Aprili
Nimeingia! Chuo cha udaktari kimenikubali mimi, Orrin Rusnak, mpanga makopo ya supu dukani tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Sina mjomba daktari. Sikuwahi kulipiwa tuisheni. Tuliomba watu 6,200, nafasi 140. Mama alilia kwenye simu, kisha akauliza kama bado nasoma. Nisome nini tena? Miaka minne nimesaka A. Zimeshafanya kazi yake.

Barua ina sharti moja: masomo yaliyobaki nisishuke chini ya C, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. C! Hiyo hata jokofu la bwenini lingepata.

Alhamisi, 17 Aprili
Limebaki somo moja lenye meno: Biokemia, kwa Profesa Halvorsen. Huyu mama hajali umepata ngapi. Anatupanga kwa kutulinganisha: aliye katikati ya darasa anapata C, wa juu A, wa mkiani D. Maana yake nini? Maana yake adui si Biokemia. Adui ni wenzangu.

Tuko kumi na mmoja, na wote tumeshapata vyuo vya udaktari. Basi nani anamsomea nani? Tukifeli wote sawasawa, wote tuko katikati. Hakuna aliyefeli! Nimerudia hesabu mara tatu. Inakubali.

Jumanne, 22 Aprili
Nimeandika mkataba. Hakuna kusoma hadi mtihani, hakuna kujibu zaidi ya maswali manne kati ya kumi. Wamesaini wote! Hata Prescott Whitlow, ambaye baba yake ni daktari wa ngozi na ambaye ana kalamu ya kusainia tu. Aliniambia, "Rusnak, kaka, wewe ni hatari." Nilifurahi.

Corinne, ninayefanya naye maabara, alisaini huku akinikumbusha kwamba sijapeleka ripoti tatu. Nikamwambia ripoti ni asilimia kumi na tano tu, nimeshazifuta kwenye hesabu. Akasema haya, daktari.

Jumapili, 4 Mei
Nimesoma kidogo. Kwa saa mbili, mlango umefungwa. Huu si usaliti. Mwenye wazo anastahili kuwa juu ya katikati kidogo. Maktaba leo imejaa ajabu. Nadhani ni wanafunzi wa historia.

Jumanne, 6 Mei
Mtihani. Nimejibu maswali matano, nikaweka kalamu chini, nikatazama darasa kwa upendo. Wenzangu wote kumi walikuwa wanaandika. Corinne akaomba karatasi ya ziada. Nikajua anaigiza. Anaigiza vizuri sana.

Ijumaa, 9 Mei
Wastani wa darasa: 84. Mimi: 47. D!

Wasaliti! Kumi walisaini, kumi wamesoma! Nimemfuata Prescott bwaloni. Hata hakuona haya. Akasema, "Tulidhani unatania, bwana. Halafu tukaona hutanii, ndipo tukasoma zaidi." Matokeo yanatumwa chuo cha udaktari Ijumaa ijayo. Nina siku saba kabla watu 6,060 walioachwa hawajapungua mmoja mwenye bahati.

Mama amepiga simu. Ameshaagiza keki yenye jina langu na neno Daktari. Sikumwambia.

Jumatatu, 12 Mei
Nimekwenda kwa Profesa Halvorsen kushtaki. Nimempa mkataba, sahihi zote kumi na moja, nikataka haki. Aliusoma mara mbili. Akavua miwani.

"Kwa hiyo, Rusnak, unalalamika kwamba wenzako wamesoma."

Nikasema nalalamika kwamba wamevunja neno lao. Akaniuliza mgonjwa wangu wa kwanza nitamwonyesha karatasi gani. Nikamwambia vyuo vinatazama alama za kuingilia, hizi za mwisho ni mapambo tu. Akasema mapambo haya ndiyo yatakayonirudisha kwenye makopo. Kisha akasema ripoti zangu tatu atazipokea hadi Ijumaa saa sita mchana. Zikiwa nzuri, C. Zikiwa kama mkataba huu, kwaheri. Mkataba ameubandika ukutani!

Jumatano, 14 Mei
Maabara siku nzima na ini la ng'ombe. Unaliponda, unalimwagia dawa, unapima mapovu. Sikujua lolote. Aliyekuja kunisaidia ni Prescott, kati ya watu wote. Nikamwambia asinihurumie, mimi nilikuwa napanga makopo wakati yeye anacheza tenisi. Akasema, "Kweli kabisa. Na mtihani nimekupita kwa alama arobaini na tatu. Shika hilo ini." Amefundisha vizuri. Simsamehe.

Ijumaa, 16 Mei
Ripoti zimefika saa sita kasoro dakika nne. Jioni jibu: C. Ya chini kabisa inayowezekana, alisema Profesa, ingekuwa uzi, ungekatika kwa pumzi.

Nafasi ni yangu! Nimemweleza Mama yote. Akasema, "Mwanangu, nikiugua, usije wewe." Keki tumekula lakini.

Jumatatu, 11 Agosti
Siku ya kwanza chuo cha udaktari. Koti jeupe linanikaa. Mkuu wa chuo ametangaza kwamba mwaka wa kwanza hakuna A wala C. Ni kufaulu au kufeli, na kufaulu ni 70. Wengine walipiga makofi. Mimi nilitoa kalamu.

Somo kubwa ni mwili wa binadamu. Nimeutazama kwa makini. Mikono miwili, miguu miwili, mapafu mawili, figo mbili. Kila kitu kimerudiwa! Mamia ya miaka madaktari wanasoma kitu kilekile mara mbili na hakuna aliyeshtuka. Mimi nitasoma upande wa kulia tu. Ini liko huko huko, na ini nalijua.

Moyo umeelemea kushoto. Nimeupigia hesabu: alama nne. Nauacha.