Jinsi Perumal Muuza Mapazia Alivyoizima Taa ya Spana

Tegeni masikio, enyi mkaao Chatsworth, ninyi mlio juu vilimani Bayview nanyi mlio chini bondeni karibu na reli! Punguzeni moto chini ya masufuria, zimeni redio, mwambieni huyo anayebisha hodi asubiri kidogo. Maana nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa Jumapili moja ya mwezi wa Februari, katika joto la kuyeyusha lami, baina ya mtu mmoja na gari lake mwenyewe. Wala sikusimuliwa. Nilikuwako, mimi jirani yao, upande wa pili wa ukuta wa ua, juu ya ngazi, na sahani ya chakula mkononi.

Shujaa wetu ni Devanesan Perumal, Simba wa Mapazia, Mpimaji wa Madirisha, ambaye tangu ujana wake alisimama katika duka la vitambaa akiwavisha watu wa Durban nyumba zao kwa mahameli na kwa hariri, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kukaza hata skrubu ya kitasa. Na mtu huyu, nywele zikiwa zimekwisha kumpungua utosini, alinunua gari la spoti. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, lenye paa la kukunja, fupi hata mtu akitaka kuingia ilimpasa kwanza aagane na mgongo wake. Alilinunua kwa daktari wa meno wa Umhlanga aliyekuwa akihamia Australia, na tangu siku ile akatembea mtaani kama mtu aliyeoa mara ya pili.

Lakini furaha ya wanadamu haidumu. Siku moja, alipogeuza ufunguo, ikafumbuka katika dashibodi taa ya njano, ndogo kama punje ya dengu, yenye umbo la spana. Maana yake ilikuwa moja tu: muda wa servisi umefika.

Perumal akalipeleka gari kwa wakala, katika jumba la vioo lenye baridi kali ambamo mafundi huvaa nguo safi kuliko za madaktari. Binti wa mapokezi akamtajia bei. Simba wa Mapazia akauliza kwa upole, "Dada, hiyo ni pamoja na jengo?"

"Hapana baba, ni servisi tu," binti akajibu. "Ila kahawa ni bure."

Akarudi nyumbani bila servisi na bila kahawa. Na Jumapili iliyotangulia ile ya vita, familia ilipoketi kula, alikuwapo mezani Selvan, kaka wa mkewe, Mlipaji wa Ankara, Mnywaji Mkuu wa Kahawa ya Wakala, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufungua boneti ya gari lake, na kwa jambo hilo alijisifu.

"Lipa tu, shemeji," alisema Selvan, akijiongezea wali. "Gari kama lile halichezewi. Wewe ukiligusa, litalia wasikie mpaka Pinetown."

Hapo Perumal akasimama. Akaiweka papadamu yake, ule mkate mkavu wa dengu, juu ya meza kama jemadari awekaye kofia yake ya vita, akanena:

"Sikilizeni, ninyi nyote mlao chini ya paa langu! Ni nani aliyeandika kwamba mikono hii iliumbwa kushika pochi tu? Nimkabidhi mtu nisiyemjua ufunguo wa kipenzi changu, kisha anirudishie na karatasi, nami nisijue kama alikigusa hata kidogo? Sivyo! Mimi mwenyewe nitaingia chini yake. Mimi mwenyewe nitaimwaga oili yake na kubadili filta yake. Na taa ile nitaizima kwa mkono huu, Jumapili ijayo, mchana kweupe, mbele ya macho yenu!"

"Kaa chini, Devan," mkewe akasema. "Unamwaga mchuzi wa dal."

Huyo mke ni Vasantha, ambaye achari yake ya embe huliwa kutoka Bayview hadi Phoenix, na wanaoila hulia machozi na kuomba nyingine. Alikuwa na malalamiko yake. Tangu gari liingie katika banda la pembeni mwa nyumba, ndoo zake za achari zilifukuzwa nje, zikakaa uani chini ya nailoni, mvua ikizipiga na tumbili wakizinyemelea.

"Haya, tukubaliane hapahapa," akasema. "Jumapili ijayo ikipita na hiyo taa inawaka, kaka Selvan analichukua gari, bei mtaelewana wenyewe, na banda linakuwa la achari yangu. Mimi nimechoka. Na msiniambie nipande. Sipandi gari ambalo lenyewe linaniambia linaumwa."

"Na ikizimika?" Perumal akauliza.

"Ikizimika, nitavaa vizuri, nitapanda."

Selvan akacheka hata wali ukampalia. Lakini mimi, kutoka ngazini kwangu, nilimwona dirishani Perumal akimtazama mkewe, na macho yake hayakuwa ya mzaha. Tangu anunue lile gari, kiti cha pili kilikuwa hakijakaliwa na mtu.

Wiki nzima akajikusanyia silaha. Akanunua jeki, akanunua stendi za chuma za kulishikilia gari, akanunua spana za kila ukubwa zikiwa zimelala katika sanduku kama dagaa, akanunua ovaroli ya buluu, koti na suruali, iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Ama jumla ya bei ya zana hizo, na kama iliizidi ile aliyotajiwa na wakala, msimulizi wa habari hii ameulizwa mara nyingi, na jibu lake ni kwamba hesabu ya namna hiyo haifanywi katika vita vya haki.

Jumapili ikawadia. Jua lilipopanda, gari likapanda nalo juu ya stendi, na Simba wa Mapazia akalala chali akajisukuma chini yake, mpaka ikabaki miguu tu. Mara Vasantha akatokea mlango wa jikoni, na sauti yake ikapasua anga.

"Devan! Hilo si sufuria la biriani la mama yangu?"

"Ewe mke wangu," ikasema miguu, "saa kama hii vita hudai—"

"Vita vyako vidai ndoo. Toa sufuria!"

Sufuria likatoka. Ndoo kuukuu ya achari ikaingia kwa teke. Ndipo spana ikaigusa nati ya kumwagia oili, nati ikazunguka, na oili nyeusi, ya moto, iliyofungwa humo siku nyingi, ikatoka kwa kishindo na kumteremkia kiwikoni, kwapani, na mahali pengine ambapo heshima yanizuia kupataja. Akapiga ukelele. Lakini oili ilikuwa imetoka, na hilo lilikuwa pigo la kwanza.

Pigo la pili lilikuwa la filta. Filta ile ilikuwa imekazwa na mtu ambaye bila shaka hakutaka mwenziwe yeyote aje kuifungua. Perumal akaishika kwa mkono, ikateleza. Akaishika kwa kitambaa, ikateleza. Akaizungushia mkanda wa suruali, suruali ikateremka na filta ikabaki palepale. Akatoka chini ya gari, mweusi uso mzima, akakaa juu ya sanduku la spana, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekata tamaa.

Kisha akainuka ghafla, akaingia ndani, akarudi na kipande cha bitana, ile bitana nzito yenye mpira upande mmoja ambayo watu huishonea nyuma ya pazia ili jua lisipenye. Hicho ndicho kitu alichokijua kuliko fundi yeyote wa jumba la vioo. Akaivingirisha bitana juu ya filta, mpira ukielekea ndani, akazungusha. Filta ikalia kwi! kama panya aliyekanyagwa, ikaachia.

"Vasantha!" akapaza sauti. "Imetoka!"

"Nimesikia. Usikanyage oili ukaingia nayo ndani."

Sasa ilibaki kuirudisha nati, kufunga filta mpya na kumimina oili mpya. Kifuniko cha oili alikuwa amekifungua mapema na kukiweka juu ya ukuta, karibu na ngazi yangu. Nami, ndugu zanguni, sikukitazama, kwa kuwa nilikuwa nikila. Tumbili dume akashuka kutoka kwenye bati, akakinyakua, akapanda nacho juu ya paa la jikoni, akakaa akikinusa.

Wakati uleule Selvan akawasili, nguo zimepigwa pasi, ananukia marashi. Akamkuta shemeji yake, aliyepakwa oili toka utosini, amenyoosha mkono kuelekea paa.

"Ewe mporaji uliye juu!" Perumal alikuwa akinena. "Sina ugomvi na kabila lako! Rudisha kifuniko hicho, na tuachane kwa amani!"

"Shemeji," Selvan akasema taratibu, "unaongea na nani?"

Tumbili akakitia kifuniko mdomoni, akaonja oili, akakunja uso, akakitema. Kikadunda juu ya bati, kikadunda tena, kikatumbukia ndani ya ndoo ya achari ambayo Vasantha alikuwa ameifunua apate kuikoroga.

Perumal akautazama mkono wake uliochubuka kila kidole. Akaitazama achari, nyekundu, iliyojaa pilipili zile ambazo huwaliza watu wa Phoenix. Akaingiza mkono mpaka kiwikoni.

Nisingependa kusema kwamba alilia. Nitasema tu kwamba mbwa wa mitaa mitatu walimwitikia. Lakini mkono ulipotoka, kifuniko kilikuwamo ndani yake.

"Ndoo nzima, Devan!" Vasantha akashika kichwa. "Hiyo Bi Govindsamy alikwisha kuiagiza!"

Oili ikamiminwa. Kijiti cha kupimia kikaonyesha kiasi sahihi. Gari likashushwa chini. Ufunguo ukageuzwa, injini ikanguruma bila kosa, hata mimi nikapiga kofi kwenye sahani. Lakini katika dashibodi, njano, tulivu, isiyo na haya, taa ya spana ilikuwa ingali inawaka.

"Nilikwambia," Selvan akasema, akiinama dirishani. "Wale wana kompyuta yao. Hiyo haizimi mpaka ulipe. Usijisikie vibaya, shemeji, umejitahidi. Nitalitunza."

Na akaukunjua mkono apewe ufunguo.

Perumal akaizima injini. Akabonyeza kila kilichobonyezeka: paa likafunguka, paa likajifunga, honi ikalia, maji yakaruka kiooni. Kikabaki kitufe kimoja chembamba, kile cha kurudishia hesabu ya kilomita kwenye sifuri. Akakikandamiza kwa kidole gumba chenye pilipili, akageuza ufunguo nusu, na bila kukiachia akamgeukia Selvan, akaanza kunena, na hii ndiyo hotuba iliyo ndefu kuliko zote alizopata kutoa:

"Selvan, kaka wa mke wangu! Waweza kulichukua gari, maana nimeahidi. Lakini utakapolipeleka kwenye jumba lile, ukae kwenye kiti laini ukinywa kahawa, utalijua kwa lipi? Mimi nalijua tumbo lake! Najua nati yake ilivyo ngumu, najua oili yake ilivyo ya moto, najua filta yake inavyolia! Nimechubuka kwa ajili yake! Nimetia mkono katika achari ya dada yako, kitu ambacho wewe, Selvan, hata kwa kijiko huthubutu! Wewe una gari miaka yote hii, na hamjawahi kutambulishana! Na zaidi ya hayo—"

"Devan," akasema Vasantha.

"—zaidi ya hayo, nasema—"

"Devan, nyamaza. Angalia."

Kwa kuwa hotuba ilikuwa ndefu, na kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa pilipili, kitufe hakikuwa kimeachiwa muda wote ule, na kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya taa. Taa ikapepesa. Ikapepesa tena, kama mtu anayepigana na usingizi. Ikazimika.

Selvan akaurudisha mkono wake mfukoni polepole. Vasantha akaingia ndani, nasi tukadhani amekwenda kuomboleza achari. Lakini alipotoka alikuwa amevaa sari ya kijani yenye pindo la dhahabu, na maua nyweleni. Akamwinua mumewe kidogo, akamtandikia gazeti asizidi kukichafua kiti, akazunguka upande wa pili, akaagana na mgongo wake, akaingia.

"Mikono yako inanuka achari," akasema.

"Yako vilevile," Perumal akajibu, "tangu nikuoe."

Wakashuka mtaani paa likiwa wazi, naye Vasantha ameshika maua yake kwa mkono mmoja na bega la mumewe kwa mkono wa pili. Watu wakatoka vibarazani, watoto wakakimbia nyuma, na mtu mmoja, sitamtaja, akapiga sahani yake kwa kijiko akiwa juu ya ngazi hadi sahani ikapasuka. Hivyo ndivyo ilivyotukia, na hivyo ndivyo itakavyohesabiwa. Bi Naidoo wa nyumba ya kona, ukimwuliza mwanawe wa mwisho alizaliwa lini, hakutajii mwezi wala mwaka. Hukuambia, "Wiki mbili baada ya Perumal kuizima taa," na kila mtu Bayview huelewa.