Redio Kenya, Antena Uganda

Jumatatu, 3 Machi 2025

Redio ya Nereah imenyamaza. Tangu wiki jana haijatoa hata mkoromo.

Mtu akija kusoma shajara hii nikishakuwa maarufu, ajue mambo yalivyokaa. Mimi ni Paddy wa mtaa wa Sofia, Busia ya Uganda. Nereah ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ila yeye ni wa Busia ya Kenya. Kati ya ua wangu na wake kuna mtaro tu. Mtaro huo ndio mpaka. Kuku wake wanauvuka bila pasipoti.

Ni mjane wa rafiki yangu Laban, dereva wa lori. Laban alipokufa, lori lilirudi kwa mwenyewe, redio ikabaki kwa Nereah. Ni ile ya sibii, ambayo madereva wanaongea wenyewe kwa wenyewe njiani. Akaiweka jikoni juu ya kabati, akaifunga kwenye betri ya gari. Madereva wakifika foleni ya mpakani wanamwita: Mama Cate, leo kuna samaki? Anawajibu, anapika, wanakuja kula. Wakiondoka wanamuaga hewani, wanaendelea kumuaga mpaka sauti inaishia barabarani.

Sasa hewa imekufa na madereva wanakula kwingine. Leo nimekula kwake, ugali ukawa na chumvi. Ugali, jamani.

Mpwa wangu Kevina, anayekaa na mimi na ana kibanda cha kutuma pesa, anasema alimkuta ameshika maiki tu, kimya, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Kevina akamshauri atumie simu. Nereah akamwambia simu inaita mtu mmoja, redio inaleta baraza zima.

Nikasimama pale pale nikamwambia Nereah aniachie mimi. Nikamkumbusha kwamba jeshini nilikuwa mtu wa mitambo, nikiongea na meli ya Wachina nikiwa Bulumbi, mbali na bahari, kwa redio niliyoiunda kwa kijiko na betri za tochi.

Akasema, "Shemeji Paddy, mbona mara ya mwisho ilikuwa meli ya Wareno?"

Zilikuwa mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda Tororo kwa Omoding. Huyu ni mstaafu wa kiwanda cha saruji, mpole, mrefu kama antena zake. Ana leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaoongea na dunia nzima kwa kupenda tu, bila mshahara. Kila akija sokoni Busia anampitishia Nereah njugu. Kwa nini njugu? Sijauliza. Lakini nimeziona.

Sikwenda kuuliza, nilikwenda kumpima kama anajua. Nikasema, haya, mtu akitaka redio ya madereva na ya ridhaa pia, utamwambia nini?

Akasema atamwambia kwanza aamue anataka kuongea na nani. Madereva wako kwenye mawimbi ya megahezi ishirini na saba. Watu wa ridhaa walio karibu nao wako ishirini na nane. Ni majirani, lakini kila mmoja na mlango wake. Ya ridhaa, kusikiliza ni bure. Kufungua mdomo ni mpaka ufanye mtihani. Eti kuna wajanja wanaifungua redio ya ridhaa ili ivuke kwa madereva. Sheria haitaki.

Halafu akasema neno la kuudhi: kabla ya redio, tazama antena. Redio mbovu yenye antena nzuri itasikika. Redio nzuri yenye antena mbovu ni jiko.

Akauliza ya Mama Cate ina ugonjwa gani hasa. Nikamwambia ni uzee. Sikuwa nimeigusa, lakini macho yangu yanatosha.

Akajitolea kuja Jumamosi na mita yake. Nikamwambia asihangaike. Mtu hamwiti fisi amsaidie kubeba mbuzi.

Njiani kurudi nimefikiri sana. Redio mbili za nini? Mtu akiwa na mdomo mmoja anaongea na mkewe na chifu pia, habadilishi mdomo. Nitatafuta moja ifanye zote.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nimepakwa majivu. Kwaresima hii nimeacha kujisifu. Padri akauliza kama nina hakika. Nikamwambia parokia nzima hakuna mwingine anayeweza kuacha kitu kikubwa kama hicho.

Mchana nimepata redio kwa jamaa mmoja wa hapa Sofia. Ina vitufe vingi kuliko meno ya Omoding. Nikauliza kama inashika dunia. Inashika. Na madereva? Akasema, "Mzee, hiyo inashika hata marubani." Nimempa baiskeli yangu. Akaniongezea antena, kijiti kifupi kilichotoka kwenye teksi.

Kuhusu leseni, hapo ndipo akili iliponijia hadi nikakaa chini. Redio itakuwa jikoni kwa Nereah, Kenya. Antena itakuwa juu ya bati langu, Uganda. Mtu wa serikali ya Uganda akija: redio iko wapi? Haipo. Wa Kenya akija: antena iko wapi? Haipo. Watakamata nini, waya?

Kuna sababu ya pili sikumwambia hata Kevina. Mwanamke ambaye antena yake iko kwako hawezi kukusahau.

Panya wa mtaro huu wanakula waya kama tambi, kwa hiyo nimeupitisha waya ndani ya mpira wa kumwagilia bustani, nikaufukia kutoka ukuta wangu, chini ya mtaro, hadi jikoni kwake. Nereah alinishikia tochi muda wote. Akasema mgongo wangu una tope. Akalipangusa kwa kanga yake. Sijaiosha sehemu hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Tumewasha. Mkoromo kwanza, halafu mtu akaongea jikoni, wazi kabisa kama yuko nyuma ya kabati. Mwanamume mzee, lugha siijui, anarudia maneno yale yale taratibu. Kevina akaitegesha simu yake, ikasema ni Kiitaliano.

Nereah akavuta kigoda akakaa, mkono shavuni. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyu naye amekula kweli?"

Nikamwambia ni rafiki yangu wa zamani. Hiyo si kujisifu, ni kutambulisha mtu.

Lakini madereva hawapo. Nimezungusha kila kitufe. Wataliano, filimbi, mtu anayehesabu, madereva hapana. Nje malori yamepanga foleni, tunayaona dirishani kwa macho, redioni hayapo. Fabiano, wa lori la bluu, aliteremka akaja mlangoni kulalamika: Mama Cate, umetuacha? Tunakuita mpaka koo linakauka. Nereah akamjibu kwamba siku hizi anapata Wataliano tu. Fabiano akacheka. Yeye hakucheka.

Nikachukua maiki nikawaita madereva mwenyewe, kwa sauti ya amri. Hakuna aliyejibu. Redio ikapata joto hadi paka wa Nereah akapanda akailalia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka uani kuna watu na jerikeni.

Nilidhani mabomba ya maji yamekauka. Mama mmoja aliyetoka Buteba akaniuliza kama ni petroli peke yake au na dizeli iko. Kumbe habari imeenda mbali: Paddy amefukia mpira chini ya mpaka, anavusha mafuta. Nikawaeleza ni waya wa redio. Wakatazamana, wakanikonyeza. "Ndiyo, anko, tumeelewa, ni redio. Mimi niwekee lita tano za redio."

Ng'ambo ya mtaro, kwa Nereah, kulikuwa na foleni nyingine kama hiyo. Foleni mbili zikaanza kubishana juu ya mtaro, upande upi bei itakuwa afadhali.

Wakaja askari. Wa Uganda wakachimba upande wao, wa Kenya wakachimba wao, wakakutana katikati. Wakaunusa mpira. Wakaunusa tena, kwa huzuni. Wa huku wakaukata upande wao, wa kule upande wao. Sijawahi kuona nchi hizi mbili zikielewana haraka hivyo.

Wakauliza redio. Nikasema, Kenya. Antena? Uganda. Nikawafafanulia sheria yangu yote, polepole ili waandike. Wakaenda kando wakashauriana, wakarudi na jibu kwamba basi makosa ni mawili.

Hapo Nereah akatoka na sinia la samaki. Akawaambia, "Jamani, huyu ni wetu. Maneno anayo mengi, lakini mafuta hana." Wakala. Wakanionya. Wakaenda.

Huyu ni wetu. Nimeliandika hapa lisipotee.

Baada ya watu kutawanyika alikaa mlangoni. Hakunigombeza, ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema tu kwamba Laban alipozikwa, waombolezaji walirudi kwao baada ya matanga, kama ilivyo desturi. Lakini madereva hawakurudi kwao. Kila jioni walimwambia mama, lala salama. Amelala na maneno hayo miaka yote. Sasa hajui wanamwambia nani.

Nilichukua jembe nikafukia mashimo ya askari.

Jumamosi, 8 Machi

Omoding amekuja. Kevina ndiye aliyempigia, namjua Kevina. Kaja na mita, koti lake jeupe kwa vumbi la saruji, na njugu.

Hakutazama hata redio yangu. Alianza na ile ya Laban. Akaiwasha, taa ikawaka. Akafuata waya wake polepole hadi nyuma ya nyumba, penye mlingoti wa antena. Pale waya unapoungana na antena, maji ya mvua yalikuwa yameingia, shaba imeoza, ya kijani kama mboga. Akakata, akakwangua, akaunga, akaziba kwa mpira.

Ndivyo. Redio ya Laban haikuwa imekufa hata siku moja. Ilikuwa imezibwa masikio. Omoding akaniwekea kile kipande cha kijani kiganjani. Ndio ubaya wake, hasemi.

Akapima na kijiti changu cha teksi, kwa ajili ya elimu. Akasema hicho hakikukatwa kwa mawimbi haya, kwa hiyo karibu yote niliyosema juzi yaligeuka yakanirudia mwenyewe. Kevina akasema, "Hilo hata bila mita tulikuwa tunajua."

Mlingoti wa Laban ulikuwa umelala upande. Ilibidi mtu apande juu ya bati aushike wima wakati Omoding anapima na kurekebisha chini. Nilipanda mimi. Akasema nisisogee. Sikusogea.

Nikiwa huko juu nikasikia mkoromo chini, jikoni. Halafu sauti. Ya Fabiano.

"Mama Cate. Mama Cate, uko?"

Nikadhani na maiki nayo imeharibika. Nikataka kupiga kelele ajibu. Kisha nikamsikia Nereah akivuta pumzi.

"Nipo, baba. Nipo hapa. Kuna samaki."

Halafu wakaanza mmoja mmoja, kutoka kwenye foleni, kutoka njiani huko, wengine siwajui. Mama amerudi. Karibu mama. Tulidhani umetuhama. Mmoja akapiga honi ya lori lenyewe, tukaisikia mara mbili, redioni na barabarani.

Kusema kweli nilitaka sauti hizo zitoke kwenye sanduku langu. Zimetoka kwenye la Laban. Nilijitazama mikono kama italegea. Haikulegea.

Machozi yalikuwa ya saruji ya Tororo, koti la Omoding linamwaga vumbi sana.

Sijui nilishika mlingoti ule hadi lini. Omoding alikuwa ameshaufunga kwa kamba kitambo, hakuna aliyekumbuka kuniambia, na mimi sikuuliza. Nereah ndiye aliyetoka, akanitazama kutoka chini, mkono juu ya macho. "Paddy, shuka ule."

Redio yangu nilitaka kuirudisha kwa yule jamaa. Nereah akakataa. Akasema ikae kwenye rafu ya pili, anataka kumsikia yule mzee wa Kiitaliano. Omoding akaunyosha waya mrefu kutoka dirishani hadi kwenye mpapai, yote ndani ya Kenya, akasema kwa kusikiliza unatosha. Ya kwanza ya kazi, ya pili ya dunia. Nereah akauliza kumjibu je? Akaambiwa ndipo kuna mtihani. Akauliza kitabu kinapatikana wapi.

Jumapili, 9 Machi

Omoding amemwachia kitabu. Baada ya misa Nereah aliniita mtaroni. Alisema macho yake yanachoka jioni, na mambo mapya hayaingii mpaka ayasome kwa sauti na kuwe na mtu wa kumuuliza maswali. Akataka kujua kama ninaweza kuwa nakuja.

Nilimjibu nitatazama nafasi zangu. Nimezitazama. Ni jioni zote.

Leo tumeanza. Amesoma ukurasa wa kwanza jikoni, madereva wakinong'ona kwenye redio ya kwanza, sauti imepunguzwa. Kuna mahali panasema mawimbi yanapanda mpaka juu kabisa, yanagonga huko, yanashuka nchi ya mbali. Akaacha kusoma akatazama dari. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia jeshini mimi ndiye niliyekuwa nafundisha ukurasa huo. Padri asijue.

Anasema na mimi nijiandikishe. Anasema nisome kweli, kwa sababu yeye atafanya mtihani upande wa Kenya na mimi wa Uganda, hakuna wa kunisaidia. Omoding naye amesema hivyo hivyo. Nimeitikia kwa kichwa.

Hawajui nimepanga nini. Kitabu sijakifungua, na cha nini? Siku ya mtihani nitakuwa Mkenya. Ni mtaro tu. Nitaingia mapema na kuchagua kiti cha nyuma yake. Nereah ana mwandiko mkubwa, wazi, na akifikiri huinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto. Nimemtazama jioni nzima leo kuhakikisha. Kutoka nyuma nitaona kila kitu.