Minyoo wa Mstari Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili maabara. Kazi yangu: kuosha vyombo, kufuta meza, kutogusa kitu. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Wanafuga minyoo. Si wale wa tumboni, ni wa udongoni, wembamba kama ncha ya uzi, wanakaa kwenye visahani na kula bakteria. Wengi wao hawahitaji dume, kila mmoja anajizalia mwenyewe. Kwa hiyo hawana mama mkwe. Ndiyo maana wametulia.

Leo Daktari ameeleza jaribio jipya. Visahani vyenye mstari wa bluu, mama wanakula. Vyenye mstari mwekundu, wanashinda njaa. Kisha ataangalia kama njaa ya mama itaonekana kwa wajukuu, maana kwao kizazi kimoja ni siku tatu tu. Anasema jeni ni zilezile, ila njaa inaweza kufunga hii na kufungua ile, kama makopo ya jikoni: yote yapo kabatini, hayafunguliwi yote.

Nikaacha kufuta meza. Mwaka jana nina mimba ya Kidoti wangu, baba yake kasimamishwa kazi, nilikuwa nikila mara moja kwa siku. Sasa mama mkwe kila akimpakata anasema mtoto mwepesi kama leso, njaa ya mama imemkaa mifupani. Jumatano ya wiki ijayo tunampeleka kliniki kupimwa uzito.

Basi wajukuu wa mstari mwekundu lazima wanenepe. Sayansi inahitaji msaada wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimebaki nyuma wakati wa mapumziko. Nimewawekea wa visahani vitatu vyekundu uji wa Kidoti, tone mojamoja, mlaini, usio na sukari. Nikawaambia wale polepole.

Alhamisi, 6 Machi

Ukungu! Wa kijani, wenye manyoya, visahani vyote vitatu. Daktari amelaumu dirisha. Nami nimelilaumu dirisha kwa moyo wote.

Bi Funguo hakulilaumu dirisha. Huyu ndiye mtunza chumba cha minyoo, anavaa funguo shingoni, unamsikia kabla hujamwona. Aliinama akanusa, akasema ajabu, dirisha hili linanuka uji wa mtoto. Mwanamke hana mtoto mdogo tangu enzi, mbona pua yake haijasahau?

Ili kuyamaliza maneno hayo, Daktari akanionyesha yai la mnyoo kwenye hadubini. Seli moja tu. Eti tayari upande huu unajua utakuwa wa kichwani na ule wa mkiani, na likigawanyika, linatoa seli kubwa mbele na ndogo nyuma. Yai halina kichwa, linajua kinapoelekea. Mimi ninacho, na sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Kosa langu lilikuwa upishi. Mgeni mpe chakula cha kwao. Chupa ya bakteria wao ipo kwenye friji.

Nimemwambia Bi Funguo kuna chai ya bure mapokezi. Akaenda, funguo zinalia njia nzima. Nikachukua kile kidude cha kudondoshea dawa ya Kidoti, nikavipitia visahani vyote vyekundu. Minyoo wakaanza kucheza kiuno. Nilitokwa na machozi, sisemi uongo.

Bi Funguo amerudi bila chai. Hajaniaga jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Wajukuu wa mstari mwekundu wamenona kama wa bluu! Daktari kawaita wenzake, wote wakapokezana hadubini, mmoja akasema haijawahi kutokea. Nilifuta meza moja mpaka ikang'aa kama kioo. Kidoti wangu ni mzima, imethibitishwa.

Ndipo Bi Funguo akauliza, kwa sauti ya asali, mbona chupa ya bakteria imefika nusu.

Wote wakanitazama. Sura yangu haijui kufunga mlango.

Daktari akauliza taratibu, "Mama Kidoti, umewalisha?"

"Walikuwa na njaa, Daktari."

Akakaa kitini. Nikamweleza yote, ya mimba, ya mifupa, ya leso. Nilidhani nafukuzwa. Akasema nimemharibia wiki nzima, na ni kweli. Kisha akasema mnyoo mchanga akikosa chakula hafi upesi, anasimama tu, anasubiri. Chakula kikija anaendelea kukua palepale alipoishia. Tena mwanangu si mnyoo. Jibu lake liko kwenye mizani ya kliniki, haliko kwenye kisahani.

Nimepigwa marufuku kuingia chumba cha minyoo. Bi Funguo ameongeza kufuli.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki. Mama mkwe kaja pia, ili ashuhudie. Vifungo vya Kidoti vikanishinda, mama mkwe ndiye aliyevifungua.

Muuguzi akampima. Akatazama kadi. Akampima tena, roho yangu ikapanda juu ya mizani naye. Akasema mtoto anapanda vizuri kila mwezi, hana neno, ni mdogo wa umbo tu. Nikauliza umbo hilo kalitoa wapi. Muuguzi akamtazama mama mkwe, aliyeketi kwenye benchi, miguu haifiki sakafuni.

"Huyu kamfuata bibi yake."

Tulipofika nyumbani mama mkwe akamchukua mtoto, akampima kwa mikono, akasema kumbe ana uzito wa heshima.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetubu. Nimemwomba radhi Daktari, nimemletea Bi Funguo chai ya kweli, ya chupa nzima. Akanywa. Akasema haina sukari. Nimejifunza: sigusi kisicho changu tena.

Jumatatu wanaanza jaribio lingine. Mama watawekwa kwenye joto kali, waone kama wajukuu watalikumbuka. Maskini, na mayai tumboni! Mimi mimba ya Kidoti niliibeba msimu wa joto, najua.

Ofisini kuna feni isiyotumika. Waya wake ni mrefu, unafika mpaka mlango wa chumba cha minyoo, na upepo unapita chini yake. Nimeshapima.