Kidonda Changu cha Katwe

Alhamisi, 11 Desemba
Nimefika Katwe kupumzika. Mitihani ya mwisho imenimaliza, na Jumatatu Baba ananitaka nyumbani Karambi, kuchuma kahawa. Ninachotaka ni kimoja tu: siku nzima kando ya Ziwa Edward, miguu majini (viboko wakiruhusu), bila kusema na mtu. Tantine Sylvie, dada yake Mama, amenipokea kwa karai. Kumbe kesho tunaenda kuvuna chumvi kwenye ziwa lile jingine! Linanuka mayai viza. Binti yake, Mackline, alipoona uso wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 12 Desemba
Mpango. Mwenye kidonda haingii kwenye vidimbwi vya chumvi, maji yale yanaunguza. Alfajiri nilifunga kitambaa kisiginoni. Tantine akanihurumia: pole mutoto wangu, basi wewe utauza chumvi sokoni. Sokoni! Mimi, ambaye hata shuleni jina langu likiitwa nilinyoosha kidole tu! Nimeita wateja kwa mnong'ono. Mama mmoja akauliza kama ninasali rozari. Mteja wa kwanza alikuwa mbuzi. Alilamba, hakulipa.

Jumamosi, 13 Desemba
Habari za kidonda zimeenea. Akina mama wa jumuiya wamekuja kunipa pole, na ndizi. Chai nimewapikia mimi, nikichechemea. Wakasali sana. Kisha Mama Feresita, mkubwa wao, akasema leta mguu nikuoshe na maji ya chumvi, hiyo iko dawa. Akashika kitambaa! Nikasema kidonda kimepona. Lini? Sasa hivi, mlipokuwa mnasali. Halafu vigelegele. Mackline akakagua kisigino, akatangaza kwamba hata kovu hakuna, ajabu kweli, akanikonyeza. Kesho natoa ushuhuda kanisani. Jumapili yangu ya ziwani!

Jumapili, 14 Desemba
Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Niliamua kusema ukweli. Na niliusema, naapa: sikuwa na kidonda chochote. Ila sauti ilitoka kama ya kifaranga, na maikrofoni nilikuwa nimeikumbatia kifuani. Hakuna aliyesikia. Wakapiga makofi. Tantine akalia kwa furaha. Baada ya misa mzee Erifazi alinifuata na goti lake, nimwombee. Nyuma yake, foleni. Aliyekwenda ziwani ni Mackline. Amerudi amelowa hadi magotini, anauliza nabii wetu ameshindaje.

Jumatatu, 15 Desemba
Tantine amempigia Baba simu: nibaki wiki moja zaidi, watu wa Katwe wananihitaji. Baba amekubali, tena anajivuna. Asubuhi sokoni, mchana magoti ya watu. Sijawahi kuchoka hivi, hata kwenye hesabu.
Lakini leo nimefikiri vizuri. Kosa lilikuwa kidonda: mtu anaweza kukifunua. Kesho nitaamka bila sauti. Nani atafunua koo? Asiye na sauti hauzi chumvi wala haombei mtu. Anapelekwa ziwani, akae, apumzike. Sioni kasoro hata moja.