Mshenga wa Kunisemea Kipwani

Jumatatu, 7 Julai 2025. Sabasaba.
Mtu akifungua mdomo tu, namjua kwao. Sikio ninalo! Leo mama mmoja kaleta simu kibandani kwangu niitengeneze, kasema maneno mawili, nikamwambia yeye Mhaya wa Muleba. Kasema ni Mhangaza wa Mbuba, hapa jirani, kazaliwa hapo, kazeekea hapo. Anaficha tu.

Sikio hili ndilo litakalonipa Fathiya. Baba yake, Mzee Haji wa duka la vitambaa, kutwa anajisifu kwamba babu zake walitoka Pangani. Kwetu Biharamulo ni wakulima, na tukiongea tu tunajulikana. Basi mshenga wa kunipelekea posa lazima awe mtu wa pwani. Kesho naingia sokoni kusikiliza.

Jumanne, 8 Julai
Nimempata! Mzee anachagua nyanya, Kiswahili kinateleza. Tanga mjini hiyo! Nikampa shikamoo, marahaba yake ikanisisimua. Akataka kunitajia jina na kwao. Nikamwambia asijisumbue, nishamjua. Nikamwomba akaniposee, ajiite mjomba wangu. Akauliza kama kuna pilau. Nikasema tele. Alikuwa na swali jingine, nikamwambia maneno ayatunze kwa ajili ya ukweni.

Alhamisi, 10 Julai
Jamani, aibu!
Muoaji haendi kwenye posa yake, najua. Nikajibanza nje ya dirisha la Mzee Haji. Mzee wangu wa nyanya anaongea, Bi Mwanaheri, mama wa Fathiya, tabasamu mpaka masikioni. Moyoni nishaoa. Ndipo Mzee Haji akamwomba mgeni atufungie kwa dua. Mgeni kasimama, kafumba macho, kapiga ishara ya msalaba.
Kumbe anaitwa Elick! Mkatoliki wa Mabawe, huku huku bara, kiongozi wa kigango! Tanga alipikia hotelini miaka mingi, basi. Mzee Haji akamuuliza huo ujomba umetokea wapi. Elick naye, mkweli wa watu, akasema tulikutana kwenye nyanya. Pilau lakini alishaimaliza.

Ijumaa, 11 Julai
Fathiya kapiga simu. Kacheka, halafu kalia. Anasema baba yake hana neno na mkulima, kinachomuudhi ni mtu anayewaonea haya watu wake. Nimepewa nafasi ya mwisho: Jumapili nilete ndugu yangu wa kweli, aongee kama anavyoongea. Nikiharibu, anaozwa mwalimu wa Nyamiaga. Roho iliniuma. Nikamwambia nimeelewa. Nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 12 Julai
Baba mdogo Salum kafika kutoka Biharamulo na mkungu wa ndizi. Ndugu wa kweli, hakuna ubishi. Ila alivyosalimia tu, majirani wote wakajua katoka Biharamulo. Hapana, hivi hatuendi ukweni. Tangu mchana namfundisha kuongea kama mtu wa Pangani. Kwanza alinuna, akasema taya zinamuuma. Sasa anayavuta maneno mwenyewe, hata maji anaomba kipwani. Mimi na sikio langu hili nimedanganyika, Mzee Haji atajulia wapi? Fathiya wangu huyo!