Kifungu cha Saba cha Katiba Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Twaiba fundi cherehani amenijia kabla sijamaliza mahamri. Anataka elfu thelathini zake za makoti kumi na mawili ya Klabu ya Bao. Makoti ya buluu, vifungo vya dhahabu, na langu limetariziwa MWENYEKITI kifuani. Wachezaji wa kijiji cha Bodo walitufunga michezo yote, lakini kwa makoti hawakufua dafu!

Amesema asipolipwa kufikia Jumamosi atachukua friza. Nikamwomba apunguze sauti. Friza ni ya mke wangu Husna, ndiyo anayouzia barafu na juisi ya ukwaju. Niliiandika dhamana bila kumwambia. Sipendi kusumbua watu.

Sina wasiwasi. Katiba niliiandika mwenyewe, na kifungu cha saba kinasema deni la klabu ni deni la kila mwanachama, sawa kwa sawa. Nani mwingine Msambweni nzima ana kifungu kama hicho?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewasomea wachezaji wenzangu kifungu hicho barazani. Jaafar, niliyembwaga kwenye uchaguzi na hajapona hadi leo, akasema yeye hakuagiza koti, alivishwa tu. Akalivua, akalitundika msumarini. Wote wakamfuata! Nikabaki na koti peke yangu, jasho linanitiririka.

Jumatano, 8 Oktoba

Dawa ya moto ni moto. Nimebeba ubao wa bao nikaenda nao nyumbani. Asiyelipa hachezi.

Baada ya swala ya alasiri nikapita kuchungulia. Jaafar amechimba vishimo mchangani. Wanacheza, na wanacheka. Hasidi hana sababu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepanda Kwale kwa mpwa wangu Idris, karani wa wakili. Kijana ana adabu, shikamoo kwanza, kisha kiti. Akaniambia kwa kawaida mwanachama wa klabu kama yetu hulipa ada yake tu, na deni humwangukia aliyeagiza, isipokuwa kanuni walizozikubali wanachama ziseme vingine. Akasoma kifungu cha saba mara mbili. Akasema kimebana, mwanachama yeyote hana pa kutokea. Moyo wangu! Nilitamani marehemu baba asikie.

Kisha akasoma cha tatu: mwanachama ni aliyelipa kiingilio cha mia mbili na kutia sahihi daftarini. Akaomba daftari. Lina jina moja. Langu, na mhuri juu.

Nikamweleza kwamba siku ya uchaguzi niliwasamehe wote kiingilio, ndiyo maana nilipata kura nyingi vile. Idris akajifunika uso kwa katiba. Akasema basi, mjomba, klabu ni wewe.

Sijapata kuheshimiwa hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Twaiba amekuja na mkokoteni. Husna akasimama mlangoni, akaniuliza friza ni ya nani. Nikasema ya familia. Akanitazama mpaka nikakumbuka risiti ina jina lake. Miaka mitatu aliweka shilingi moja moja kuinunua. Niliona haya. Nakiri, niliona haya sana.

Akamwambia Twaiba kwamba nimeweka rehani kisicho changu, lakini yeye hatamla fundi jasho lake. Wakaenda wote barazani, wakayatoa makoti kumi na moja misumarini, wakayapeleka Diani. Hoteli moja imeyachukua kwa wahudumu wake, elfu mbili mia tano kila moja. Langu halikupata mnunuzi. Deni lake limelipwa kwa baiskeli yangu.

Friza haikutoka. Na kila mwanachama halali amelipa! Kifungu kimefanya kazi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Barazani hawataki tena mwenyekiti. Shauri yao. Leo, nikiwa ndani ya koti langu, nimezindua Klabu ya Drafti. Kifungu cha saba sasa ni cha kwanza. Watu walipoanza kunung'unikia kiingilio, nikawasamehe papo hapo. Nimechaguliwa kwa kishindo, na daftarini nimetia sahihi wa kwanza, kwa heshima ya cheo.

Tutahitaji kofia. Fundi Hesbon wa Ukunda, ambaye bado hanijui, ameuliza dhamana. Nimemwandikia kitanda. Risiti yake sijawahi kuiona, kwa hivyo nadhani ni changu.